Moto usio na moshi tumboni mwa binti

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Hata hivyo, kuna shida moja ambayo katika nyumba nyingi za mjini bado inafichwa, tena na watu wanaopendana. Msichana anajikunja kitandani, amekumbatia chupa ya maji moto tumboni. Baba anatoka nje kimya kimya kana kwamba amekumbuka jambo dukani. Kaka anaambiwa asiulize maswali. Naye mama, kwa huruma yote ya mzazi, anasema, "Vumilia mwanangu, hata sisi tuliyapitia hayo. Ukishaolewa ukazaa, yatakwisha."

Mwezi unaofuata mambo ni yale yale. Siku mbili au tatu za shule zinapotea. Jirani anashauri majani ya kuchemsha, shangazi anataja dawa aliyoisikia sokoni, na mwenye duka la dawa anatoa vidonge bila kuuliza maswali. Miaka inapita.

Leo, msomaji mpenzi, tutaliweka jambo hili wazi mezani, na akina baba tunawaomba wasifungue ukurasa wa michezo kwanza. Kuna maumivu ya hedhi ambayo ni ya kawaida, na kuna maumivu ambayo ni ugonjwa. Ugonjwa tunaouzungumzia madaktari huuita endometriosisi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba unawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190 duniani, yaani karibu mmoja kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Ukiingia katika darasa la wasichana 40, kwa hesabu hiyo wanne kati yao wanao au wataupata kabla hedhi yao haijakoma. Si ugonjwa wa watu wachache, ila ni ugonjwa usiotajwa.

Aghalabu mgonjwa hupimwa, kisha huambiwa kwamba hakuna kitu kilichoonekana. Hapo ndipo huanza kushukiwa kuwa anadeka, anakwepa kazi au hataki shule. Ukweli ni kwamba ndani ya tumbo lake kuna moto unaowaka. Moto huo hautoi moshi, ndiyo maana walio nje hawauoni.

MCHOCHOTA NI NINI?

Ili tuelewane, tuanze na mwiba. Ukichomwa na mwiba mguuni, baada ya muda mfupi mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Ishara hizo nne ziliandikwa na Mrumi aitwaye Celsus karibu miaka 2,000 iliyopita, na hata leo wanafunzi wa udaktari huzikariri. Hali hiyo kwa Kiswahili huitwa mchochota.

Watu wengi hudhani mchochota ni sawa na viini vya maradhi. La hasha. Mchochota ni kazi ya mwili wenyewe. Mwili una askari wake, nao ni chembechembe nyeupe za damu. Wakisikia kwamba pana jeraha au mgeni asiyetakikana, hukimbilia mahali pale, mishipa ya damu hufunguka ili wapite, na kemikali nyingi humwagwa. Baadhi ya kemikali hizo ndizo zinazoiamsha mishipa ya fahamu ili uhisi uchungu na uache kuukanyagia mguu ule. Mwiba ukitoka, kazi huisha, askari hurudi makwao na kidonda hupona.

Kwa hivyo mchochota wa muda mfupi ni rafiki. Shida huja pale askari wanapoitwa leo, wakaitwa tena mwezi ujao na mwezi mwingine, na mwiba wenyewe hautoki. Hapo rafiki hugeuka adui. Watakaa, watavunja, watachoma, na nyumba waliyokuja kuilinda itaharibika mikononi mwao. Hivyo ndivyo ilivyo katika endometriosisi.

NGOZI ILIYOPOTEA NJIA

Ndani ya nyumba ya uzazi kuna utando laini ambao kila mwezi hunenepa kujiandaa kuipokea mimba. Mimba isipotunga, utando huo hubanduka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi.

Kwa mwanamke mwenye endometriosisi, utando unaofanana na huo huonekana mahali ambapo haustahili kuwa. Unaweza kuwa juu ya ovari, ambavyo ni vifuko vya mayai, nyuma ya nyumba ya uzazi, kwenye matumbo au kwenye kibofu cha mkojo. Mara chache hupanda hadi kwenye kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, au hata kwenye mapafu. Kila mwezi homoni zinapopanda na kushuka, utando huo uliopotea nao huitikia. Huweza kunenepa na kuvuja damu. Lakini damu ile haina mlango wa kutokea. Hubaki ndani, ikiwa mwiba usiotoka.

Ugonjwa huu si wa juzi wala si wa kizungu. Mwaka wa 1860 daktari Karl von Rokitansky wa mjini Vienna alieleza uvimbe wenye utando wa namna hiyo. Mnamo 1927 Mmarekani John Sampson, aliyefanya kazi mjini Albany katika jimbo la New York, alitoa maelezo ambayo hadi leo yanafundishwa vyuoni. Alisema kwamba wakati wa hedhi baadhi ya damu hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika ndani ya tumbo, ikiwa imebeba vipande vya utando vinavyoota huko.

Maelezo hayo yana mantiki, lakini yaliacha swali kubwa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba damu hurudi nyuma kwa takriban wanawake tisa kati ya kila 10 ambao mirija yao haijaziba. Ikiwa ni hivyo, mbona anayeugua ni mmoja tu kati ya 10? Kwa nini wengine wanane wanapona bila hata kujua?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika wale askari tuliowataja. Kwa wanawake wengi, askari hufagia mabaki yale kila mwezi na tumbo likawa safi. Kwa mgonjwa, ufagio haufanyi kazi sawasawa. Askari wale wakubwa wanaoitwa makrofaji huja kwa wingi, lakini badala ya kuula utando uliopotea, huanza kuulisha. Humwaga kemikali zinazoitwa saitokini ambazo huwaita askari wengine zaidi. Huita mishipa mipya ya damu, na utando ukapata chakula. Huvuta nyuzi mpya za mishipa ya fahamu, na mahali pale pakawa pepesi kuhisi uchungu. Nayo damu iliyovuja huacha madini ya chuma ambayo huzidi kuichokoza ngozi ya ndani ya tumbo.

Urithi nao una nafasi yake. Msichana ambaye mama yake au dada yake anaugua yumo katika hatari kubwa kuliko mwingine. Kwa hivyo mama anaposema "hata mimi niliumwa hivyo hivyo", maneno hayo yasiwe sababu ya kumnyamazisha binti. Yawe sababu ya kumpeleka kwa daktari.

JIKO LINALOJILETEA MAKAA

Katika kemikali zinazomwagwa, iko jamii moja ambayo kila mzazi afaa kuijua kwa jina. Inaitwa prostaglandini. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1935 na Ulf von Euler wa Uswidi. Wakati wa hedhi, prostaglandini huifanya misuli ya nyumba ya uzazi kujikaza ili damu itoke. Zikiwa kidogo, msichana huhisi mkazo kidogo na kuendelea na shughuli zake. Zikizidi, tumbo hukaza kama kamba, kichefuchefu huja, na wengine huharisha.

Kwa mgonjwa wa endometriosisi, prostaglandini hutengenezwa pia na ule utando uliopotea. Tena watafiti wamegundua jambo la ajabu. Prostaglandini huuamsha utando huo ujitengenezee estrojeni, ambayo ni homoni ya kike. Estrojeni nayo huukuza utando na kuuchochea utengeneze prostaglandini zaidi. Prostaglandini zaidi, estrojeni zaidi. Estrojeni zaidi, prostaglandini zaidi.

Ni sawa na jiko la makaa linalojipepea lenyewe na kujiletea makaa lenyewe. Mpishi ameshaondoka jikoni, lakini jiko bado linawaka.

Moto wa namna hiyo ukidumu, huacha makovu. Makovu hayo huvigandisha viungo vilivyopaswa kuwa huru, ovari likashikana na utumbo, utumbo ukashikana na nyumba ya uzazi. Hapo ndipo wengine huumia wakienda haja kubwa, wakikojoa, au wakiwa na waume zao. Mirija ikivutwa na makovu, na mayai yakikaa katika mazingira ya mchochota, kupata mimba huwa kazi ngumu. Inakadiriwa kwamba kati ya wagonjwa 100, baina ya 30 na 50 hupata shida ya kushika mimba. Ni vyema tukumbuke pia upande wa pili wa hesabu hiyo, kwamba wengi huzaa, wengine bila msaada na wengine kwa msaada wa daktari. Kumwita mgonjwa tasa ni ujinga na ni ukatili.

Mchochota pia huchosha mwili mzima. Mgonjwa anayesema amechoka ilhali amelala saa nane hasemi uongo. Tena wingi wa utando hauendi sambamba na uchungu. Yupo mwenye vidoa vichache anayegaagaa sakafuni, na yupo mwenye uvimbe mkubwa ambaye hana habari hadi atakapotafuta mtoto. Basi asiwepo mtu wa kusema, "Mbona fulani ana ugonjwa huo na anakwenda kazini?"

WAAFRIKA WALIPOSAHAULIWA

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilisema kwamba endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake wazungu, wasomi, wanaochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi aliyelalamika kwamba tumbo la chini linamuuma aliambiwa ana maambukizi ya viungo vya uzazi, mara nyingi kwa dhana kwamba ameyapata kupitia zinaa. Alipewa antibiotiki na aibu kwa pamoja.

Mwaka wa 1976, daktari Donald Chatman wa Chicago, Marekani, alichapisha matokeo yaliyoitikisa imani hiyo. Alipowachunguza ndani ya tumbo wagonjwa wake weusi ambao walikuwa wameambiwa wana maambukizi, alikuta kwamba baadhi yao walikuwa na endometriosisi. Walikuwa na mchochota kweli, lakini haukuwa ule uliodhaniwa.

Somo hilo linatuhusu hapa nyumbani. Mara ngapi umesikia dada akisema, "Nimeambiwa nina infeksheni," akameza antibiotiki, akapumzika kidogo, kisha mwezi uliofuata akaanza upya? Maambukizi yapo, tena ni hatari, na yakipuuzwa yanaweza kuziba mirija. Hatusemi mtu akatae dawa aliyopewa na daktari baada ya kupimwa. Tunasema hivi: ikiwa umetibiwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na maumivu yanarudi pamoja na hedhi kama mgeni anayejua tarehe, mwulize daktari wako kwa adabu, "Je, haiwezi kuwa endometriosisi?" Swali hilo halimtusi mtu.

Huenda msomaji amesikia kwamba mwaka wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walikuta bakteria aina ya Fusobacterium katika utando wa nyumba ya uzazi wa wagonjwa 64 kati ya kila 100 waliochunguzwa, ilhali kwa wasio wagonjwa ilikuwa chini ya 10. Ni habari ya kusisimua, kwani inadokeza kwamba katika baadhi ya watu viini vinaweza kuwa miongoni mwa vinavyouwasha ule moto. Lakini antibiotiki walizijaribia panya wa maabara. Habari hiyo si ruhusa ya kwenda kununua vidonge dukani.

Kwetu Kenya, aliyeufanya ugonjwa huu utajwe redioni na kwenye matatu ni mtangazaji Njambi Koikai, ambaye mashabiki wa reggae walimjua kwa jina la Jahmby. Alieleza hadharani jinsi ulivyomtesa tangu alipoanza hedhi, ukafika hadi kifuani, na pafu lake likawa linanywea mara kwa mara. Wakenya walimchangia, na mwaka wa 2018 alikwenda kutibiwa Atlanta, Marekani. Alirudi na kuendelea kuwasemea wenzake hadi alipoaga dunia Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 38. Wagonjwa wengi hawafikii hali kama yake. Hata hivyo, alituachia ujumbe kwamba maumivu yaliyonyamaziwa yanaweza kwenda mbali.

MOTO HUZIMWA VIPI?

Hadi leo hakuna dawa ya kuumaliza ugonjwa huu moja kwa moja. Anayekuuzia chupa na kukuahidi kwamba utapona kabisa anataka pesa zako. Lakini moto unaweza kupunguzwa, na kwa kuwa sasa tumeelewa unavyowaka, ni rahisi kuelewa dawa zenyewe.

Kundi la kwanza ni dawa za kutuliza mchochota kama vile ibuprofeni, diklofenaki na asidi mefenamiki. Mwaka wa 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii hiyo huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na mwaka wa 1982 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya aina hiyo. Kumbuka neno "kutengeneza". Dawa hizi huzuia kemikali isitengenezwe, haziwezi kuirudisha iliyokwisha kumwagika. Ndiyo maana msichana anayesubiri hadi ashindwe kusimama ndipo ameze kidonge huona hakifanyi kazi. Zifaa kuanzwa mapema, damu inapoanza au dalili za kwanza zinapotokea, na zimezwe baada ya chakula. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, na wajawazito, wasizitumie kabla ya kumwona daktari. Nazo hazifai kufanywa peremende za kila siku.

Kundi la pili ni homoni. Hapa ndipo wazazi wengi hushtuka. Daktari anapoandika vidonge vya kupanga uzazi kwa binti wa miaka 16, baba huuliza, "Kwani mwanangu ameanza nini?" Mzee, hajaanza lolote. Vidonge hivyo, sindano, au koili yenye homoni hupunguza ule mpando wa kila mwezi unaoutia utando nguvu, na wengine hedhi hupungua sana au kusimama kwa muda. Estrojeni ikikosa kupanda, jiko hukosa makaa. Dawa hizo hazimwondolei mtu uwezo wa kuzaa, ingawa kwa baadhi, hasa sindano, hedhi huchukua miezi kadhaa kurejea baada ya kuacha. Kila moja ina masharti yake, kwa hivyo daktari aelezwe kama kuna shinikizo la damu, damu kuganda au kipandauso.

Kundi la tatu ni upasuaji. Siku hizi hufanywa kupitia matundu madogo tumboni, kwa kamera, njia inayoitwa laparoskopi. Daktari bingwa huondoa utando na kuyakata makovu. Nafuu huwa kubwa kwa wengi, lakini ugonjwa unaweza kurudi. Na wale wanaoambiwa kwamba dawa ni kuitoa nyumba ya uzazi tu wafikirie mara mbili na kutafuta maoni ya daktari mwingine, kwa sababu utando unaoumiza uko nje ya nyumba hiyo. Nyumba ikibomolewa, moto ulio uani unaweza kubaki.

Je, kuolewa na kuzaa? Wakati wa ujauzito hedhi husimama, na baadhi hupata nafuu. Hedhi inaporudi, wengi huona maumivu nayo yamerudi. Mtoto ni baraka, si kidonge. Haifai msichana aharakishwe kuingia katika ndoa kwa kuwa tumbo linamuuma.

Chupa ya maji moto husaidia, tena bila gharama kubwa, na mazoezi mepesi huwafaa baadhi. Lakini dawa za kuingiza ukeni zinazouzwa kwa jina la kusafisha uzazi ziepukwe kabisa. Mahali pale hapahitaji kitu cha kupachokoza zaidi.

"HAKUNA KITU" SI JIBU LA MWISHO

Hadi miaka ya karibuni ilisemekana kwamba mtu hawezi kuambiwa ana endometriosisi mpaka afanyiwe upasuaji na utando uonekane kwa macho. Sharti hilo liliwafungia mlango wengi, hasa wasio na pesa. Mnamo 2022 chama cha wataalamu wa uzazi barani Ulaya kilitoa mwongozo mpya. Upasuaji si lazima tena ndio uwe hatua ya kwanza. Daktari anaweza kusikiliza historia ya mgonjwa, akampima, akatumia picha za ultrasaundi au MRI, na kuanza kumtibu kwa dalili zake.

Lakini lipo jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Ultrasaundi huona vizuri uvimbe wenye damu kwenye ovari. Vidoa vidogo vilivyotapakaa juu ya utando wa tumbo mara nyingi haivioni. Vidoa hivyo hivyo vinaweza kuwa vimejaa mchochota. Kwa hivyo picha ikiwa safi, maana yake ni kwamba picha ni safi. Si kwamba binti ni mwongo.

Katika nchi mbalimbali, imeonekana kwamba kutoka siku dalili zinapoanza hadi siku mgonjwa anapoambiwa jina la ugonjwa wake, miaka mingi hupita, kwa wengine hata 10. Aliyeanza kuumwa akiwa darasa la nane huenda akalijua jina hilo akiwa amemaliza chuo. Miaka hiyo yote jiko linaendelea kuwaka.

Mzazi, mlezi au mwalimu anaweza kuifupisha safari hiyo. Ziangalie dalili hizi: maumivu yanayomfanya msichana akose shule au kazi karibu kila mwezi, maumivu yasiyosikia dawa za kawaida, maumivu yanayoanza siku kadhaa kabla ya damu na kubaki baada yake, uchungu wakati wa haja kubwa au ndogo katika siku zake, kwa walioolewa, maumivu wakati wa tendo la ndoa au mimba kukawia. Kifua kubana au pumzi kukatika kila hedhi inapokuja ni jambo la kumpeleka hospitali bila kuchelewa.

Kisha mnunulie daftari dogo. Aandike tarehe, mahali panapouma, uchungu ni kiasi gani kati ya 0 na 10, dawa aliyomeza na kama ilimsaidia, na shughuli aliyoshindwa kuifanya. Baada ya miezi mitatu, daftari hilo litasema mengi kuliko mgonjwa mwenye haya aliyekaa mbele ya daktari mwenye foleni ndefu mlangoni. Ikiwa daktari wa kwanza hakumsikiliza, aombe kupelekwa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake.

Na kwa walimu, hasa wa shule za bweni, tuna ombi. Nchi hii imepiga hatua kuhusu hedhi. Mwaka wa 2004 serikali iliondoa ushuru wa sodo, na mwaka wa 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili wasichana wa shule wapewe sodo bila malipo. Ni kazi nzuri. Lakini sodo huzuia damu, haizuii uchungu. Msichana aliyepewa sodo na bado analala sakafuni mwa bweni akilia hajasaidiwa vya kutosha. Metroni asimkemee kwanza ndipo amsikilize. Jina lake likirudi katika kitabu cha wagonjwa kila baada ya wiki nne, kitabu hicho kinaeleza jambo.

Nanyi vijana wa kiume mnaosoma ukurasa huu kwa kujificha, someni bila kujificha. Kesho mtakuwa waume na mabosi, na huenda leo ni dada yako aliye chumba cha pili. Mletee maji moto na umwulize anaendeleaje. Neno hilo moja halitauzima mchochota, lakini litamwambia kwamba anaaminiwa, naye aliyeaminiwa huenda hospitali mapema.

Mama, ukimwambia binti yako avumilie, mpe basi na muda wa kuvumilia. Mwambie tutavumilia mwezi huu, tutaandika katika daftari, na Jumatatu tutakwenda kumwona daktari. Mvumilivu hula mbivu, lakini hakuna tunda linaloivia motoni miaka 10 likabaki tunda.

Tukutane Jumapili ijayo.